Mtu Asiyelala Aliyenyang'anywa Shamba kwa Kosa la Kulala

Bisha. Nakuruhusu kabisa. Nasema kulikuwa na mwanamume ambaye usiku kucha hakuwa anafumba jicho, halafu akanyang'anywa shamba lake kwa kosa la kulala. Ukishamaliza kucheka, kaa vizuri usome. Ukimaliza kusoma, mpelekee yule ndugu yako ambaye jua likimkuta kitandani anasema alikuwa anatafakari.

Mimi shule niliiacha ikiwa bado inanihitaji, kwa hiyo usinidai mwaka wala ramani. Ninachokijua nakijua barabara. Lilikuwa bonde la mpunga, pana, majaruba mpaka jicho linachoka, na mwenye bonde alikuwa Jumbe Mwinyigogo, mtu wa maneno machache.

Adui wa bonde lile alikuwa ndege. Usicheke tena. Kwelea mmoja unamficha kiganjani, lakini wakija wanakuja kama moshi wa nyumba inayoungua. Na hawaji saa za heshima. Wanakuja kunapopambazuka, na njaa ya usiku mzima tumboni, mpunga ukiwa umeanza kutia maziwa. Wanaminya punje, wanafyonza, wanakuachia ganda.

Ndiyo maana kila mkulima alikuwa na dungu lake, kile kitanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, na ngazi ya kupandia. Kabla jua halijachomoza unakuwa juu, maana kelele ya chini inamezwa na mpunga, unaamia ndege: unapiga debe, unarusha mawe kwa teo, unapiga kelele mpaka sauti inakukimbia. Ukiwafukuza wanaenda kwa jirani. Jirani naye anawapokea kwa kelele. Hivyo hivyo, dungu kwa dungu, mpaka wachoke waende zao kwenye matete. Dungu moja likiwa kimya, ndege wanatua hapo, wanapumzika, wanapata nguvu ya kuwarudia wote.

Kwa hiyo sheria ya Jumbe ilikuwa moja: jua likichomoza, kila dungu litoe kelele. Asiyeweza, shamba linapata jembe jingine.

Kulikuwa na desturi nyingine ambayo haikuandikwa popote na kila mtu aliifuata. Hupandi ngazi ya dungu la mtu mpaka mwenyewe akuambie "panda". Hata kama nyumba yake inaungua, unasimama chini, unamwita kutoka huko huko chini. Dungu la mtu lilikuwa kama chumba chake cha kulala.

Sasa huyu mtu wetu aliitwa Matimbwa. Mikono mikubwa, shingo ngumu, jembe lake lilikuwa linang'aa kwa kazi. Shamba lile alilifyeka yeye na mkewe, Sikudhani, lilipokuwa pori la matete na nyoka. Sikudhani alipokuwa hai, alfajiri alikuwa anamvuta kidole gumba cha mguu anamwambia, "Baba, ndege." Basi. Matimbwa alikuwa anaamka anacheka.

Tangu Sikudhani azikwe, usingizi ulimhama.

Akilala ubavu wa kulia, bega linakufa ganzi. Anageuka kushoto. Anageuka chali, anazitazama boriti kama anataka kuzinunua. Anamsikia panya, anamsikia mbwa wa kijiji cha pili, anajisikia moyo wake mwenyewe. Halafu jogoo akishawika mara ya pili, wakati watu wazima kwa watoto wanafumbua macho, ndipo usingizi unamjia, mzito kama gunia lililolowa mvua. Unamwangukia, unamfunika, unamwachia jua likiwa limefika utosini.

Aliyeligundua hilo wa kwanza ni Mkejina. Huyu alikuwa ndugu wa Sikudhani, mjane, shamba lake limepakana na la Matimbwa, na ulimi wake ungeweza kumenya muwa. Alfajiri ya kwanza alipoona ndege wametulia kwa shemeji yake kama wageni wa harusi, alisimama chini ya dungu lake, haoni mtu juu, akakimbia mpaka nyumbani kwake akagonga mlango.

"Shemeji! We shemeji! Jua limekuja kukuamkia, hata shikamoo yake huitikii?"

Matimbwa akatoka, shuka shingoni. "Nimepitiwa kidogo."

"Kidogo? Ndege wamekula, wamepiga mswaki, sasa wanaagana!"

Matimbwa akacheka naye. Angefanya nini? Lakini kesho yake ikawa vile vile, na keshokutwa. Mkejina akampa jina, Bwana Adhuhuri. Jina lile lilivuka tuta moja, likavuka la pili, mpaka jioni hata wanaume kwenye kahawa wanauliza, "Bwana Adhuhuri, kwako kumekucha?"

Na yeye kimya. Angesema nini? Kwamba yeye, mtu mzima na ndevu zake, usiku unamtafuna kwa sababu upande wa pili wa kitanda umepoa? Aliona heri aitwe mvivu. Mvivu anachekwa kisha watu wanaendelea na mambo yao. Anayemlilia mke anahurumiwa, na kuhurumiwa Matimbwa hakukuweza.

Jumbe akamwita.

"Matimbwa, kuna nini?"

"Hakuna kitu, Jumbe."

"Ndege wanaowasumbua wenzako wanatokea kwako, wameshiba nusu. Nitapita alfajiri moja. Sitakwambia ipi. Nikikuta dungu lako kimya, shamba lile silo lako tena."

"Nimesikia."

"Nakuuliza tena. Umesikia, au una la kusema?"

"Nimesikia, Jumbe."

Umeona? Mtu kafunguliwa mlango mpana, yeye akaurudisha kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, asije akambughudhi mtu.

Kuanzia hapo Matimbwa alipigana na usiku kama mtu anayepigana na mkwewe, yaani bila kelele na bila ushindi. Akaosha miguu kwa maji ya moto. Akajaribu kulala na njaa, akajaribu kulala ameshiba mpaka hawezi kuinama. Akaanza kulala mapema, saa ya kuku, akidhani ataumaliza usiku mapema. Alichopata ni usiku mrefu zaidi. Mtu mmoja akamshauri anywe kahawa chungu alfajiri. Ushauri mzuri, ila kahawa nayo inataka mtu aamke aipike.

Mwisho akabeba mkeka na blanketi, akahamia juu ya dungu lake. Alijiambia, usingizi ukija kunikamata, bora unikamate kazini.

Mkejina alimwona jioni ile akipanda na mkeka kichwani.

"Shemeji, umehamia?"

"Nimehamia."

"Na mto umebeba? Usije ukavunja shingo, tukakosa wa kumcheka."

Kisha akasogea mpaka karibu na ngazi, akashusha sauti. Wengine hawakuisikia sauti ile, na yule mwenye ulimi wa kumenyea muwa alikuwa kama mtu mwingine.

"Shemeji, kweli wewe usiku unalala?"

Hapo, ndugu msomaji. Hapo hapo. Ningekuwepo ningemkanyaga mguu aseme.

"Nalala kama gogo," akasema Matimbwa. "Ndiyo shida yangu."

Mkejina akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Alfajiri iliyofuata gogo lilikuwa juu ya dungu, ndege chini yake. Mkejina akaja na sufuria na mwiko, akasimama chini ya ngazi, akaligonga mpaka kitako kikabonyea. Akaanza kuimba, jina la Bwana Adhuhuri ndani ya wimbo, watu wa mashamba yote wakawa wanaitikia kwa vicheko. Matimbwa alipoamka alikuta bonde zima linamwimba. Alishuka ngazi macho yakiwa chini. Kisimani wakamwimbia. Kwenye kahawa wakamwimbia. Hata aliyekuwa hajui kuimba siku ile alijua.

Usiku wa siku hiyo hiyo, nguruwe pori waliingia shambani kwa Mkejina.

Usiku huo nauruka. Twende asubuhi.

Asubuhi shamba la Mkejina lilikuwa matope na vinyesi. Mpunga umelazwa, umetafunwa, umefukuliwa kutoka tuta la mpakani mpaka karibu na dungu lake. Yeye mwenyewe alikuwa amelala nyumbani, na kulala kwake kulijulikana. Alikuwa akisema, "Mimi nikilala, ukinibeba ukanivusha mto nitaamkia ng'ambo niulize habari za huko." Alfajiri alikuwa wa kwanza bondeni, lakini usiku alikuwa maiti.

Alisimama katikati ya uharibifu ule, kanga imelowa mpaka magotini, shuke moja mkononi.

"Shemeji, hukusikia kitu?"

"Nilikuwa nimelala," akasema Matimbwa.

"Eh. Na mimi pia." Akaliweka lile shuke juu ya tuta, taratibu, kama anaweka kitu cha mtu mwingine. "Basi tumelala wote."

Hakulia mbele ya watu. Wala siku ile hakumwita mtu Bwana Adhuhuri.

Siku chache baadaye Matimbwa akapata wazo lililomfurahisha mwenyewe. Akatunga makopo kwenye kamba, akaivusha shamba zima, mwisho wa kamba akaufunga kwenye kidole chake cha mguu. Mtu kama yeye anayejigeuza kitandani hataacha kutikisa makopo, sivyo? Hesabu safi. Hata mimi niliyekimbia hesabu naiona ni safi.

Usiku kucha makopo yalilia. Kulia, kushoto, chali, kwa-kwa-kwa! Popo walihama. Kisha jogoo akawika mara ya pili, gunia lililolowa likamwangukia, Matimbwa akatulia tuli. Makopo nayo yakatulia. Ndege wakaingia.

Na hiyo ndiyo alfajiri aliyoichagua Jumbe.

Alikuja na wazee wawili nyuma yake. Shamba la Matimbwa lilikuwa jeusi kwa ndege. Chini ya ngazi alisimama Mkejina, sufuria mkononi, sauti imekauka kwa kuita. Lake lilikuwa limeshakwisha, hakuwa tena na cha kuamia, na bado alikuwa pale.

Jumbe naye hakugusa ngazi. Akaita mara moja, kwa sauti nzito.

"Matimbwa!"

Matimbwa akaruka, kamba ikamvuta kidole, akashuka ngazi kwa mgongo na makopo yote yakimfuata. Watu waliokuwa wamekusanyika wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Jumbe akangoja wamalize.

"Nilikuonya. Shamba hili kuanzia leo silo lako. Una la kusema?"

Matimbwa akafungua kamba kidoleni.

"Jumbe, mimi silali."

Kicheko kikarudi, kikubwa kuliko cha kwanza.

"Silali usiku," akasema tena. "Tangu Sikudhani aondoke. Usingizi unanijia jogoo wa pili, na ukija siuwezi. Nimejaribu kila kitu. Siuwezi."

Kicheko kikaisha chenyewe, kikimalizikia huku na kule, kama mvua inayokatika.

Mkejina akaweka sufuria chini. "Hulali kabisa?"

"Kabisa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini?"

"Ungeniambia panda!" Sauti yake iliyokauka ikapasuka. "Neno moja tu, shemeji! Kila alfajiri nasimama chini ya ngazi hii. Nakutukana, nakuimbia, nakupa majina, nikidhani utakasirika uamke, au utachoka uniambie panda nikufukuzie. Mimi nimeshaamka! Kelele ningepiga mimi, wewe ungelala zako hapo hapo pembeni. Ulidhani nakuja kukucheka?"

Ndiyo, ndivyo Matimbwa alivyodhani.

Jumbe akasema, kama anayejisemea, "Sheria yangu inataka kelele itoke juu ya dungu. Kuna mtu hapa aliyenisikia nikisema itoke kwenye koo la nani?"

Watu wakatazamana. Hakuna aliyesikia. Miaka yote ile kila mmoja alipanda lake, kila mmoja akaamini ndiyo sheria.

Matimbwa akageuka kuutazama mpunga wake. Mpunga wenye punje huinama. Ule wake ulikuwa umesimama wima wote, mashuke meupe, mepesi, hayana kitu cha kuyainamisha.

"Neno nimelitoa mbele za watu," akasema Jumbe, na safari hii hata yeye alionekana angependa kulimeza. "Silirudishi. Shamba nampa Mkejina, aliyepoteza lake."

"Napokea," akasema Mkejina. "Ila mimi usiku sina macho, Jumbe. Nguruwe wamenionyesha. Nataka mlinzi, na nimeshampata." Akamwelekezea kidole Matimbwa. "Alinde usiku, mashamba yote mawili. Kukipambazuka alale, mimi nitaamia. Tukivuna tunagawana sawa. Umekubali, shemeji, au mpaka nikuimbie?"

Matimbwa akainamisha kichwa. Watu wakadhani ni haya.

Msimu uliofuata ulikuwa msimu. Kuanzia machweo Matimbwa alizunguka matuta ya mashamba yote mawili, na sauti yake ikafahamika kwa kila nguruwe wa pori lile. Jogoo wa pili akiwika, Mkejina anafika, yeye anajinyoosha kivulini, na kelele zote za bonde zinapita juu yake hazimtikisi. Mpunga ukainama. Mkejina akawa anamsifu kila anapokaa: "Kwa shemeji yangu hapapiti nguruwe. Laiti usingizi usingempitia usiku ule mmoja tu, kama alivyoniambia, nisingepoteza hata shuke."

Najua mnachokitaka. Mnataka niseme walioana. Hawakuoana, tulieni. Watu walimtania Matimbwa mpaka wakachoka, na Mkejina mwenyewe, nasikia, hakuwa amekasirishwa na utani ule. Matimbwa alikataa kila mara, anageuza uso anaenda kulinda. Wakasema, maskini, bado anamlilia Sikudhani.

Sasa kuna sehemu niliyowaficha. Ule usiku nilioruka.

Usiku ule Matimbwa alikuwa juu ya dungu lake, macho makavu. Aliwasikia nguruwe wakivuka tuta. Aliwasikia wakikoroma, akasikia mpunga wa Mkejina ukivunjika, karibu kiasi kwamba angeweza kumtofautisha mkubwa na mdogo kwa kutafuna kwao. Akaketi. Akavuta pumzi ya kupiga ukelele. Nguruwe ni mwoga, ukelele mmoja ungewatosha.

Halafu akausikia tena ule wimbo. Kisimani, kwenye kahawa, bonde zima. Akasema moyoni, acha na yeye aone. Alidhani watakula pembe moja waende. Akaitoa ile pumzi polepole, akajilaza tena kwa uangalifu ili miti ya dungu isilie, na akasikiliza mpaka walipomaliza.

Kwa miaka mingi alimlindia Mkejina usiku wake. Kila usiku aliyapanga maneno. Kila alfajiri alipomwona anakuja kwenye tuta, kanga kiunoni, anacheka tangu mbali, maneno yakarudi tumboni. Aliyasema siku moja tu, msibani, watu walipoanza kumpa pole na kumsifu jinsi alivyokuwa mlinzi mwaminifu wa marehemu. Mkejina alikuwa ameshafukiwa.

Ningeanza na hilo, mngemchukia kabla hamjamjua. Ndiyo maana nililiacha.

Funzo: Ukikosa usingizi, waambie watu wako mapema kwamba alfajiri inakushinda, kwa sababu aibu inayofichwa hugeuka kinyongo, na mtu anaweza kukesha maisha yake yote akijuta kwa ukelele mmoja ambao hakuupiga.